Uzi: Gesi ya kuni kwa stima na maji moto, kiwanda kidogo cha maziwa (kW 10). Inalipa?

MaziwaRuai
Wadau, hamjambo. Ni kiwanda kidogo cha mtindi huku Ruai, lita 800 kwa siku. Maziwa yanaingia yakiwa nyuzi 20 hivi, yanapandishwa hadi 85 na kushikiliwa hapo nusu saa. Maji moto ya kuosha mikebe na mabomba ni lita 300, nyuzi 70. Stima: tangi la kupoza lenye kompresa ya kW 3, pampu mbili, mashine ya kufunga pakiti na taa. Vyote vikiwaka pamoja ni kW 7. Joto kwa sasa linatoka kwa boila ya kuni.

Kuna muuzaji anapigia debe gesifaya (tanuri linalogeuza kuni kuwa gesi ya kuendeshea injini) na jenereta ya kW 10, anasema stima unalipia na maji moto ni ya bure. Makapi yanayopatikana ni maganda ya makadamia kutoka Thika, vipande vya mbao Gikomba, magunzi ya mahindi, na maganda ya mpunga ya Mwea ambayo ndiyo rahisi kuliko yote. Nataka hesabu, si brosha.

FundiGesi
Tuanze na joto, maana ndilo linaloamua.

Lita 800 za maziwa ni kilo 824 hivi. Kuzitoa nyuzi 20 hadi 85 kunataka yuniti (kWh) 58 za joto. Maji lita 300 kutoka 20 hadi 70 ni yuniti 17 na nusu. Ongeza linalopotea kwenye mabomba na tangi, weka 85 kwa siku.

Mtambo wa kW 10 ukibeba mzigo wote hula kilo 12 hivi za kuni kavu kwa saa, yaani kW 50 za nishati. Gesifaya yenyewe inapoteza 11, kwa hiyo gesi inayofika kwa injini ina 39. Kati ya hizo 10 zinatoka kama stima, 10 au 11 zinachukuliwa na maji ya injini, na ekzosi (moshi wa injini) ukiipoza hadi nyuzi 150 unavuna 7. Joto la kutumika basi ni kW 17. Saa tano, yuniti 85. Umefika.

Hapo muuzaji hajadanganya. Alichonyamazia ni kwamba boila unayo tayari. Boila yenye ufanisi wa asilimia 75 inakupa yuniti hizo 85 kwa kilo 27 za kuni kavu. Mtambo utakula 60. Kwa hiyo zile kilo 33 za ziada ndizo bei ya stima yako, na stima unayotumia kwa saa tano, vyote vikiwaka, ni yuniti 35. Karibu kilo moja kwa kila yuniti. Hiyo ndiyo namba ya kushika.

Kinu_Thika
Naongezea hapo kwa FundiGesi. Chukua bili ya stima, igawanye kwa yuniti, uone yuniti moja inakutoka bob ngapi ukijumlisha kodi na makato yote. Kisha upande wa pili weka: kilo moja ya makapi *yaliyokauka na kukatwa* (si bei ya gunia barabarani), oili, filta, na mtu wa kuketi na mtambo. Usisahau huyo mtu. Boila inaweza kuachwa robo saa. Gesifaya haiachwi na mgeni.

Yuniti 35 kwa siku ni kidogo. Kama tofauti ni bob 10 kwa yuniti, unaokoa 350 kwa siku, na hiyo hailipi hata mshahara. Mtambo huu unaanza kuwa na maana pale ambapo stima inapotea mara kwa mara na unachoma dizeli, au makapi ni yako mwenyewe na unalipa kuyatupa.

MaziwaRuai
Stima inapotea, na ikipotea jioni maziwa yakiwa kwenye tangi ni hasara. Jenereta ya dizeli ipo. Kwa hiyo tuendelee. Makapi yapi?

Kinu_Thika
Makadamia, kama utayapata kwa mfululizo. Ganda ni gumu, majivu hayafiki asilimia moja, ukubwa unakaribiana, na linateremka vizuri kwenye hopa (sanduku la juu la kuni). Shida yake ni kwamba viwanda vyenyewe vinayachoma kukaushia njugu, kwa hiyo kinachobaki hutegemea msimu. Usinunue mtambo kabla ya kuwa na mkataba wa mwaka mzima au bohari ya kuweka ya miezi kadhaa.

Magunzi ni ya pili. Yakatwe vipande vya sentimita 3 hadi 4. Gunzi zima hushikana na mwenzake, kuni zinaning'inia juu, chini panabaki pango, halafu zinaporomoka kwa mkupuo na gesi inabadilika ghafla. Injini inakohoa na wewe unafikiri ni plagi.

Vipande vya Gikomba: kubali mkaratusi na saiprasi, kataa plaiwudi, mbao za rangi na mbao zilizotiwa dawa. Gundi na dawa hizo zinaingia kwenye gesi na kwenye majivu, nawe uko kiwanda cha chakula.

Unga wa mbao usiuweke kama ulivyo. Unaziba, hewa haipiti. Labda ufanywe briketi ngumu, na briketi ikiwa laini inavunjikia njiani na kurudi kuwa unga.

Maganda ya mpunga sahau. Karibu asilimia 20 ni majivu, na majivu yenyewe ni silika. Kwenye gesifaya yenye koo jembamba (pale chini gesi inapobanwa ipite kwenye makaa) yanaziba chini, na joto likizidi yanayeyuka na kuganda jiwe. Yapo majiko ya aina nyingine, yasiyo na koo, yaliyobuniwa kwa ajili yake. Hilo unalouziwa silo.

Wanja_wa_Mvuke
Na unyevu. Kila kitu kingine kinafuata hapo. Chini ya asilimia 20, na ukiweza 12 hadi 15. Huhitaji mashine: pima gramu 1,000, weka kwenye oveni nyuzi 105, pima tena kila baada ya muda hadi uzito usishuke. Ukibaki na 850 unyevu ni asilimia 15. Fanya hivyo kwa kila lori linaloingia, ukichota katikati ya mzigo, si magunia ya juu ambayo dereva ameyaanika. Mwezi wa nne na wa kumi na moja kuni zilizolala nje hazikauki Nairobi hata zikikaa wiki tatu; jenga kibanda chenye nafasi chini ya sakafu ya mbao, na upitishe humo hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta. Hilo ni joto ambalo vinginevyo linapotea.

MaziwaRuai
Asante. Muuzaji anasema injini ni ya petroli, lita 1.5, imeandikwa kW 10 kwenye kibati. Inatosha?

FundiGesi
Haitoshi. Kibati kinasema petroli, usawa wa bahari.

Gesi ya kuni karibu nusu yake ni nitrojeni isiyoungua. Kaboni monoksaidi ni kama asilimia 20, haidrojeni 15 hadi 18, methani 2, iliyobaki kaboni dayoksaidi. Mita moja ya ujazo ina megajuli 5 tu. Ukiichanganya na hewa karibu sawa kwa sawa, silinda inajaa mchanganyiko dhaifu na injini ya petroli inapoteza asilimia 40 hadi 50 ya nguvu zake. Halafu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (feni ya kusukuma hewa ndani) inapoteza tena kama asilimia 17 ya kilichobaki.

Kwa injini ya kawaida inayozunguka 1,500 kwa dakika (ndiyo unayotaka kwa hezi 50 na alteneta ya poli nne), tegemea kW 3.5 hadi 4 za stima kwa kila lita ya ujazo hapa kwetu. Kwa kW 10 unahitaji lita 2.5 hadi 3. Lita 1.5 itakupa kW 5 au 6 na itakuwa inapumua kwa mdomo.

Injini za Toyota 22R, lita 2.4, bado zinapatikana na spea zake ziko Kirinyaga Road, ndiyo maana mafundi wanazipenda. Itakupa kW 9 hivi. Mambo ya kubadilisha: taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) ipeleke mbele hadi nyuzi 35 hadi 40 kabla ya pistoni kufika juu kwa sababu gesi hii inaungua polepole, mwanya wa plagi upunguze hadi milimita 0.35 hivi; kabureta itoke na mahali pake uweke kichanganyio chenye valvu ya hewa inayorekebishwa kwa mkono. Kompresheni ikipanda hadi 11 au 12 unapata nguvu zaidi, gesi hii haigongi (hailipuki kabla ya wakati) kwa urahisi.

Dizeli_Embakasi
Anayo jenereta ya dizeli. Kwa nini asiitumie hiyo? Gesi iingie kwenye njia ya hewa, dizeli ibaki kidogo ya kuwashia. Unaweza kuondoa asilimia 70 ya dizeli bila kufungua injini, na gesi ikikatika dizeli inapanda yenyewe, stima haizimi.

FundiGesi
Kweli, na kwa mtu anayeogopa stima kuzimika katikati ya kazi ni njia nzuri ya kuanzia. Lakini dizeli inayobaki bado inanunuliwa kila siku, na nozeli za dizeli zikipata kiasi kidogo namna hiyo kwa muda mrefu hupata joto na kuziba. Zitoe zikasafishwe mara nyingi kuliko kawaida.

MaziwaRuai
Jambo linalonisumbua: kW 7 ni kilele tu. Mara nyingi ni kompresa peke yake, kW 3.

Wanja_wa_Mvuke
Mama, hilo ndilo swali lenyewe na hakuna muuzaji anayelipenda.

Gesifaya ya kuvuta chini, mtindo wa Imbert, husafisha lami (uchafu wa moshi unaonata) kwa kuipitisha kwenye makaa mekundu kwenye koo, nyuzi 1,000 na zaidi. Joto hilo linategemea kasi ya gesi. Kwa mtambo wa ukubwa wako vipimo vinavyojulikana ni: chumba cha moto kipenyo milimita 268, koo milimita 80, nozeli 5 za hewa zenye tundu la milimita 9, zikiwa milimita 95 juu ya koo. Nozeli ziwe namba witiri ili pumzi ya moja isigongane na ya upande wa pili.

Koo la milimita 80 lina eneo la sentimita za mraba 50. Upeo wa koo la Imbert ni mita za ujazo 0.9 za gesi kwa saa kwa kila sentimita ya mraba, yaani 45 kwa saa. Kilo 12 za kuni zinatoa mita za ujazo 28 hivi, uko 0.56, pazuri. Ukishuka chini ya theluthi ya upeo, koo linapoa pembeni, lami inapita bila kuungua. Mzigo wa kW 3 unakuangusha hapo kabisa. Wiki chache tu na valvu za injini zimeshika kama zimepakwa gundi.

Dawa yake ni rahisi kwa mtu anayetaka maji moto: weka hita ya umeme ndani ya tangi la maji, vipande vitatu vya kW 1, viwashwe na kidhibiti kimoja baada ya kingine mzigo unaposhuka. Stima haipotei, inaingia kwenye maziwa. Vyote vitatu vikiwaka mtambo ukibeba mzigo wote, joto lako linatoka 17 linafika 20, kwa hiyo badala ya saa tano unamaliza kwa saa nne na robo. Kwa aliye na hitaji la joto, hii inashinda betri.

Dizeli_Embakasi
Kompresa ya kW 3 ikianza inavuta mkondo mara 5 hadi 6. Injini ya gesi haina pumzi ya kuruka hivyo, volti zinaanguka na kontakta (swichi ya mota) inaachia. Weka inventa ya mota ianze polepole, na kidhibiti cha hita kizime kW 2 sekunde moja kabla ya kompresa kuanza. Ukifanya hivyo injini haitajua kilichotokea.

MaziwaRuai
Na maji? Mtindi unataka 85, wengine husema 95 kwa dakika 5.

Wanja_wa_Mvuke
95 iache. Nairobi maji yanachemka nyuzi 94 hivi kwenye chombo wazi. Baki na 85 kwa nusu saa.

Lakini themostati ya injini inafunguka kwenye 82 hadi 88. Maji ya namna hiyo hayawezi kufikisha maziwa 85, maana kila ukuta wa chuma unakula nyuzi kadhaa. Kwa hiyo panga kwa mfuatano: maji ya mzunguko yapite kwanza kwenye kibadilisha joto cha sahani kinachochukua joto la injini, yatoke na 78, kisha yaingie kwenye kibadilisha joto cha ekzosi yapande hadi 95 au 100. Mzunguko uwe umefungwa, shinikizo la bar 1 kwenye geji. Hapo maji hayachemki hadi karibu nyuzi 117. Tangi la kutanukia liwepo, na valvu ya usalama ya bar 3 isiyo na koki mbele yake. Nasema hivyo kwa sababu ile koki huwekwa, halafu kuna siku inafungwa.

Mambo matatu yanayoharibika hapa:

Maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 60, mvuke wa ekzosi unageuka maji ndani ya mirija, unakuwa na asidi na kutoboa chuma. Weka valvu ya kuchanganya inayozuia maji baridi kufika kwenye ekzosi. Mirija yenyewe iinamishwe na iwe na tundu la kutolea maji.

Tangi likijaa moto, joto la injini halina pa kwenda. Usiondoe rejeta ya asili. Iache kwenye mkondo, na feni iwashwe na kihisi kwenye nyuzi 92.

Maji ya injini yana dawa ya kuzuia kutu, na kipoza cha kawaida cha magari ni ethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Kati ya injini na maziwa lazima kuwe na maji ya katikati, kuta mbili za chuma, si moja. Ekzosi isiguse tangi la maziwa kwa namna yoyote.

Kijana_wa_Kamukunji
Koo naweza kulikunja kwa bomba la kawaida la milimita 6?

FundiGesi
Litajikunja lenyewe kabla ya mwezi kuisha. Chuma cha kawaida kwenye joto hilo kinamenyuka maganda na kuporomoka. Tumia stenlesi ya 310 kwa koo na nozeli, au ulijenge koo kwa kumimina simenti ya kuhimili moto na uikaushe polepole sana, siku mbili tatu kwa moto mdogo, la sivyo inapasuka. Mwili wa nje waweza kuwa chuma cha kawaida kwa sababu hauoni moto. Viungio vyote viwe na flanji na kamba ya kuhimili joto. Gesifaya inavuta, haisukumi, kwa hiyo ufa hauonekani kwa moshi kutoka. Hewa inaingia, gesi inaungulia ndani ya bomba, na unaona tu nguvu zimeshuka na bomba lina doa jekundu.

Kinu_Thika
Usafi wa gesi umeguswa juu juu. Injini inataka lami isizidi miligramu 100 kwa mita ya ujazo na vumbi chini ya 50. Mpangilio unaofanya kazi: saikloni kwanza gesi ikiwa bado moto ili iangushe majivu, kisha kipoza cha mirija kinachoshusha gesi hadi nyuzi 40 hivi na chini yake pipa la kupokea maji, kisha pipa la chujio lenye vipande vya mbao chini na unga wa mbao mkavu juu, mwisho kitambaa cha usalama mbele ya injini. Unga ukichafuka unarudi kwenye hopa kidogo kidogo ukichanganywa na kuni.

Weka bomba la U lenye maji kabla na baada ya kila kifaa. Andika usomaji siku mtambo ukiwa safi na mzigo kamili. Tofauti ya chujio ikifika mara mbili ya hiyo, badilisha. Ya gesifaya yenyewe ikipanda, tikisa wavu wa chini. Ikishuka ghafla, kuna pango juu ya koo, chomeka fimbo.

Kupima lami bila maabara: shika kitambaa cheupe cha pamba mbele ya tundu dogo baada ya chujio, dakika moja. Kijivu kikavu ni vumbi. Kahawia inayonata ni lami, usiwashe injini. Na muwako wa kwenye mnara wa kuchomea gesi: samawati hafifu inayokaa bila kuzima kwa dakika 10 ndiyo ruhusa. Wa chungwa wenye masizi, subiri. Moshi mweupe mzito ni kuni mbichi.

Yale maji ya pipa yana fenoli (kemikali ya sumu). Yasimwagwe kwenye mfereji wala kwenye shimo la maji taka. Kuni zikiwa kavu ni machache, yanaweza kuvukizwa kwenye sahani ya chuma juu ya ekzosi, nje.

MaziwaRuai
Mtambo ukae ndani au nje?

Dizeli_Embakasi
Nje, chini ya paa lisilo na kuta. Moja ya tano ya hiyo gesi ni kaboni monoksaidi, haina harufu yake yenyewe, na kwenye sehemu 1,200 kwa milioni ni hatari ya papo hapo. Kengele ya gesi hiyo iwe kwenye chumba cha maziwa na nyingine kwa mwendeshaji, kifuani. Ukizima mtambo makaa yanaendelea kutoa gesi kwa saa kadhaa, kwa hiyo funga hewa na njia ya kutokea. Na ukifungua hopa yenye moto, fungua ukiwa umesimama pembeni na feni ikivuta. Hewa ikiingia kwa gesi iliyotuama inalipuka puu, kope zinaenda.

MaziwaRuai
Na vibali?

Kinu_Thika
Kwa Sheria ya Kawi ya 2019, kuzalisha stima ya matumizi yako mwenyewe chini ya megawati moja hakuhitaji leseni ya kuzalisha. Waya lazima zifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kawi), na chenjiova (swichi ya kubadilisha laini) iwe ya kufunga kabisa ili usirudishe stima kwenye laini ya Kenya Power mtu akiwa juu ya nguzo. Ongea na NEMA (mamlaka ya mazingira) kabla ya kujenga, na watu wa zimamoto wa kaunti.

Sola_Kasarani
Samahani kwa kuvuruga sherehe. Boila ipo. Yuniti 35 kwa siku ni paneli za kW 9 au 10 na betri za kushika kompresa jioni. Hakuna lami, hakuna koo, hakuna mtu wa kuketi. Kuni zibaki kwa joto, kazi ambayo boila inaifanya kwa kilo 27.

FundiGesi
Sina ubishi kwa ukubwa huo. Kilichobaki upande wa gesifaya ni mwezi wa saba, mawingu ya Nairobi yakikaa wiki nzima, na kiwanda kikikua. Kwa lita 3,000 kwa siku mtambo ungefanya kazi saa 16 mfululizo, mzigo ni tulivu, na mshahara wa mwendeshaji unagawanywa kwa yuniti zaidi ya mia. Mama, ningekuwa nashauri kwa 800, ningesema tengeneza boila kwanza: pima moshi wake unatoka na nyuzi ngapi. Ukizidi 250 unapoteza kuni nyingi bure.

MaziwaRuai
Umetoka 310, nimepima sasa hivi kwenye shingo ya bomba.

FundiGesi
Basi safisha mirija ya masizi leo, funga mlango wa hewa kidogo hadi muwako usifike kwenye bomba, kisha upime tena na kuni zilezile. Ukibaki juu ya 250, leta hapa urefu, kipenyo na idadi ya mirija.